Zumu mara 65 ao mwanga? Canon 1100D mbele ya Canon SX70



Kila mwaka, promosio mpya ikitoka chuoni, kuna kati yetu wale wanaokataa kukaa tu wakingojea barua ya kazi. Wanakusanya dola kidogo kidogo, wanatafuta aparei ya foto, na wanaanza na kilicho karibu: kolasio, ndoa, ubatizo, defanse ya rafiki. Wazo ni zuri kabisa. Lakini swali la kwanza wanalomuuliza muuzaji njo linawapoteza: "Hii iko na zumu ngapi?" Leo tuweke aparei mbili kwenye meza moja na tuzichambue bila upendeleo. Dola za mtu asiye na mshahara si za kuchezea.

Ya kwanza ni Canon EOS 1100D. Ilitoka mwaka 2011, na kule Marekani iliuzwa kwa jina la Rebel T3. Ni refleksi ya ngazi ya chini katika ukoo wake: ndani kuna kioo kinachoinuka kila ukipiga, na lenzi inatoka, unafunga ingine. Ya pili ni Canon PowerShot SX70 HS, ya mwaka 2018. Aina hii inaitwa aparei ya daraja, kwa sababu inasimama katikati: umbo lake ni la refleksi, lakini lenzi imefungwa humo humo, haitoki kama vile kwenye aparei ndogo za mfukoni. Zilipotoka, bei zao hazikuachana sana: 1100D na lenzi yake ilikuwa karibu dola 600 kule Marekani, SX70 karibu dola 550. Leo 1100D ni ya okazio tu, na bei yake imeshuka sana. Njo maana watu wengi wanaiona kama kitu cha kale.

Tuanze na karatasi ya sifa, maana njo muuzaji anakusomea. SX70 iko na megapikseli 20, 1100D iko na 12. SX70 inapiga video ya 4K, 1100D inaishia 720. SX70 inaweza kupiga mpaka foto 10 kwa sekunde moja, 1100D ni 3. Skrini ya SX70 inafunguka na kugeuka, ile ya 1100D imeshikamana mgongoni na picha yake haionekani vizuri juani. SX70 inatuma foto kwenye simu bila waya. 1100D inataka kompyuta ao kisoma kadi. Halafu inakuja ile namba kubwa: zumu mara 65, kutoka milimita 21 mpaka 1365. Lenzi ya kawaida ya 1100D ni 18-55, mara 3 tu. Ukisoma hizo namba peke yake, mechi imeisha kabla mupira haujagongwa.

Lakini aparei haili namba. Aparei inakula mwanga.

Ndani ya kila aparei kuna kihisi, kipande kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa foto. Kile cha 1100D kina upana wa milimita 22 hivi na kimo cha karibu 15. Kile cha SX70 ni milimita 6.17 kwa 4.55. Fanya hesabu mwenyewe: eneo la kwanza ni karibu milimita mraba 326, la pili karibu 28. Kihisi cha aparei ya zamani ni kikubwa zaidi ya mara 11. Weka beseni na kopo inje, mvua inyeshe dakika tano. Mvua ni ile ile, lakini nani atakuwa na maji ya kupikia? Halafu kwenye kile kikopo kidogo wamegawanya mwanga kwa megapikseli 20, na kwenye beseni kwa 12. Kila pikseli ya SX70 inapata tone dogo sana.

Mchana, kwenye jua letu, hauoni tofauti kubwa. Mvua ni nyingi, ata kopo inajaa. Tofauti inakuja saa mbili za usiku, ndani ya sali ya fete, taa ni chache, jenereta inapumua kwa shida, na bibi-arusi anaingia. Pale aparei zote mbili zinapandisha ISO, maana yake zinaongeza nguvu ya mwanga kidogo walioupata, na uchafu unaongezeka pamoja nao. 1100D inapanda mpaka 6400, SX70 inaishia 3200. Na kwa ISO 3200, kihisi kidogo kinatoa chembechembe nyingi. Programu ya ndani inajaribu kuzifuta, na inafuta pia vitu vya kweli. Nywele zilizosukwa zinakuwa kitambaa kimoja cheusi. Kitenge kinapoteza maua. Uso unakuwa kama uliopakwa uji.

Hapa kuna jambo ambalo chambuzi nyingi za kule Ulaya hazilitaji. Chembechembe zile zinapenda kukaa sehemu za giza za foto. Ngozi nyeusi chini ya taa dhaifu njo inaumia wa kwanza. Mteja hatakuambia "kihisi chako ni kidogo". Atasema "umenifanya mubaya", na hatarudi. Kwa hiyo kwetu siye, ukubwa wa kihisi si neno la mafundi tu. Ni heshima ya uso wa mtu aliyekulipa.

Tusiisifu ya zamani bure, juu ile lenzi yake ya 18-55 nayo ni dhaifu gizani. Ukiisukuma mpaka 55, tundu lake linafika f/5.6 tu. Lakini lenzi inatoka! Unaweza kufunga ile ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, moja kati ya lenzi za bei nafuu kabisa za Canon. Kutoka f/5.6 mpaka f/1.8, mwanga unaoingia unaongezeka zaidi ya mara 9. Na nyuma ya mtu kunakuwa ukungu laini, ile sura ya studio ambayo wateja wanaipenda. SX70 haiwezi kukupa hiyo kwa foto ya kiuno mpaka kichwa. Kihisi chake kidogo kinaonyesha kila kitu nyuma, mpaka ndoo na viti vya plastiki. Hasara ya ile 50 ni moja: kwenye 1100D inaona kwa ufinyu. Kundi la familia ya watu 15 katika chumba kidogo haliingii, inabidi kurudia 18-55. Tena 1100D iko na mahali pa kufunga flashi kubwa juu ya kichwa, unaigeuza ipige dari na mwanga urudi taratibu. SX70 haina mahali pale. Kwa mtu wa ndoa na sherehe, hilo peke yake ni pigo kubwa.

Sasa tuigeuze meza. Fikiri uko kwenye majukwaa ya uwanja wa mupira saa tisa za mchana. Ao unafuatilia mradi wa kilimo kwenye milima, unahitaji kuonyesha mmomonyoko wa udongo ng'ambo ya bonde. Ao unapenda ndege wa ziwa Kivu. Hapo mwenye 1100D na 18-55 atarudi na foto za vidoadoa, na atakuwa na kazi ya kueleza: "ile nyeusi pale ni kormorani". SX70 inamvuta ndege mpaka unaona jicho. Kupata umbali kama huo kwa refleksi kunataka lenzi ndefu, nzito, na ya bei ambayo tusiitaje hapa. SX70 inaufanya kwa gramu 610 hivi, ikibebwa kwenye mkoba wa daftari. Ina pia kizuia mtikisiko chenye nguvu. Lakini kumbuka: kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakitulizi miguu ya mchezaji. Jua likishuka, tundu la lenzi kwenye mwisho wa zumu ni f/6.5, na mchezaji anakuwa moshi.

Tazama foto wanazotumia mara nyingi kuuza aparei za aina hii: mwezi mkubwa, na mashimo yake. Foto hiyo si ya uongo. Lakini mwezi unamulikwa na jua lenyewe. Mwanga wake ni mwingi, na hautembei haraka. Ni mtihani rahisi unaofanana na mtihani mgumu. Sasa chukua sokwe wa Kahuzi-Biega. Kanuni ya wageni ni kukaa mita 7 ao zaidi kutoka kwake. Mita 7 si umbali wa kutaka zumu mara 65! Kigumu ni kile kivuli cha msitu, na mnyama mweusi ndani ya kivuli. Pale beseni linashinda kopo tena. Lakini ukiwa kwenye mto wenye viboko, jua wazi, nao wako ng'ambo ambapo hauwezi kukaribia (na usikaribie!), mimi ningependa kuwa na SX70.

Kwa video pia tuseme ukweli: 1100D imezeeka. Picha ya 720, na mtu akitembea aparei haimfuati. Simu nyingi za leo zinafanya vizuri zaidi. Kama kazi unayolenga ni video, usinunue 1100D ata ikiwa ni ya bure nusu.

Kuna mambo mengine matatu ambayo hayasomeki kwenye boksi, na kwetu yana uzito.

La kwanza ni umeme. Kwa vipimo vya Canon yenyewe, batri ya 1100D inapiga karibu foto 700. Ile ya SX70 karibu 325, kwa sababu skrini inakula muda wote. 1100D unaangalia kupitia kioo, na kioo hakili umeme. Ukijua namna taa inavyokatika mtaani kwako, unajua ni aparei gani itafika mwisho wa ndoa. Kwa SX70, hesabu batri ya pili ndani ya bei.

La pili ni vumbi. 1100D haina mtambo wa kujisafisha kihisi. Ukibadilisha lenzi kando ya barabara ya kiangazi, doa jeusi litaonekana kwenye kila anga. SX70 haifunguki, iko salama zaidi. Lakini siku vumbi likipenya ndani ya ile zumu, haufuti mwenyewe: ni fundi, na fundi wa kweli ni wachache.

La tatu ni maisha ya dola zako. Lenzi za 1100D zinafunga pia kwenye refleksi za Canon za baadaye zenye kihisi cha ukubwa ule, na kwa adapta zinaingia mpaka kwenye ukoo wa EOS R ulioanza mwaka 2018. Mwili wa aparei ukifa, lenzi inabaki, na unaendelea nayo. SX70 ikifa, inakufa yote: lenzi, kihisi, na mtaji.

Basi uamuzi wangu ni huu. Yeyote anayetaka kuishi kwa nyuso za watu, ndani ya nyumba, jioni, kanisani ao kwenye sali, achukue 1100D ya okazio pamoja na lenzi ya 50 f/1.8, na atie akiba ile inayobaki kwenye flashi. Megapikseli 12 zake zinatosha: kwa ubora wa kuchapisha wa kawaida zinafika sentimita 36 kwa 24, kupita ukubwa wa karatasi ya A4. Yeyote anayefanya kazi inje, mchana, mbali na kile anachopiga, na anayetaka kutuma foto palepale, achukue SX70 bila haya. Kasoro ya SX70 si ubaya wake. Kasoro ni kwamba inauzwa kwa watu wa kundi la kwanza kwa lugha ya kundi la pili. Umbali njo unauza aparei. Mwanga njo unalisha mpiga foto.

Ukienda kununua okazio, angalia mambo haya. Elekeza lenzi kwenye taa utafute ukungu kama utando wa buibui. Angalia kama kwenye pete ya 18-55 kuna herufi IS. Bila hizo, haina kizuia mtikisiko. Piga foto ya ukuta mweupe kwa f/16 utafute madoa. Halafu fanya mtihani mmoja ambao muuzaji hataupenda, kwa aparei yoyote ile, mpya ao kuukuu: ingia naye nyuma ya duka kusiko na dirisha, weka ISO 3200, mpige yeye mwenyewe, kisha vuta foto kwenye skrini mpaka uone nyusi zake. Kama unazihesabu, toa dola. Kama unaona uji, mshukuru na uende duka lingine.