Yope na duara la wazee

Mwaka 2019 kulikuwa wimbo mmoja ambao hatukuweza kuukimbia hapa Kalembe: Yope, wa Innoss'B, kijana wa Goma. Mwezi wa Septemba aliutoa tena pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na hapo moto ukawaka kabisa.

Vijana wetu wanauita «hip hop». Hapana, mdundo ule uko karibu na ndombolo kuliko rap. Lakini njia uliyopitia ndiyo ile ya hip hop. Mwaka 2007, huko Marekani, Soulja Boy alikuwa na miaka 17 tu wakati wimbo wake Crank That uliposhika dunia, sababu alionyesha hatua zake kwenye intaneti na kila mtu akajifundisha peke yake. Kwetu, ambako mtandao unashikika kwa taabu, video ya Yope ilipita toka simu hadi simu. Tuliona watoto 15 wameinamia simu moja.

Wazee hawakufurahi. Mmoja alituuliza: «Mwalimu, hawa batoto banacheza nini? Na ngoma yetu itabakia kwa nani?»

Si swali la bure. Tuangalie jirani zetu Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956, mzee Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakazitoa kitabuni mwaka 1969. Msimulizi wa namna ile haketi. Anaimba, anacheza, anaigiza, kibuyu cha kutikisa kiko mkononi, vijana wanampigia mdundo, watu wanaitikia na kumtunza. Anaona nyuso zao. Wakichoka, anajua.

Yope haimwoni mtu. Hapo ndipo tunapoilaumu, si kwenye viuno kama wengine wanavyohubiri (viuno vilikuwepo hata kwa babu zetu). Mtoto anacheza akiwa ameelekea simu, na akitia hatua yake mwenyewe, wenzake wanamucheka: «Umekosa!» Umekosa nini? Kwa wazee, hatua mpya ndiyo ilileta vigelegele.

Lakini tuseme na upande wa pili. Katika sikukuu ya shule, ngoma ya Kihunde ikilia, watoto wa Kihunde wanaingia, wengine wanasimama pembeni kungoja zamu yao. Ya Kinyanga, vilevile. Ya Kihutu, vilevile. Ile siku Yope ilipopigwa, hakuna aliyengoja. Uwanja ulijaa mara moja. Hapa kwetu, ambako jina la kabila lako linaweza kukuletea kifo njiani, tuliona jambo ambalo mikutano mingi ya amani haikutuonyesha. Wazazi walitazama tu, kimya.

Basi tukajaribu kitu. Tulizima simu, tukaomba wapigaji ngoma wapige mdundo ule ule. Kwanza watoto walisimama kama miti. Halafu msichana mmoja akaingia na hatua za nyumbani kwao, mwingine akajibu kwa za kwao. Hakuna aliyesema umekosa. Yule mzee wetu akainuka kwenye kiti: «Ile ya mwisho, ninaijua!» Na akaingia.

Oktoba 2024 mapigano yakafika Kalembe na watu wakatawanyika. Kati ya wale 15 wa simu moja, tumeonana tena na 6.