Basanti Alikuwa Anasema, Msimuliaji Akamkatiza

Nianzie palipoharibika. Basanti wa filamu ya Kihindi Sholay yuko kwenye mwamba, jua la utosi, miguu mitupu. Veeru, mpenzi wake, amefungwa mikono na bunduki imemwelekea. Gabbar, jambazi, ameshatoa sharti: miguu ya huyu binti ikisimama, pumzi ya yule kijana nayo inasimama. Ngoma inaanza, sauti ya Lata Mangeshkar inaingia. Hapo hapo msimuliaji wetu, anayetutafsiria kwa Kiswahili, anashusha sauti ya filamu na kusema: “Sasa hapa huyu dada anacheza ili jamaa asiuawe.” Kisha anawasalimia rafiki zake, anatangaza duka linalouza kazi zake, na kabla wimbo haujafika nusu picha inarushwa mbele hadi risasi ya Jai, rafiki wa Veeru, inapolia.

Hilo ni kosa, na wala si kosa dogo la mkono kuteleza kwenye rimoti. Ni uamuzi, na uamuzi huo umeua filamu.

Nakala hiyo niliitazama Bunda, mkoani Mara, kwenye kibanda cha video. Nilikwenda makusudi kwa sababu Sholay ilikuwa imetimiza miaka 50. Ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, na Juni 2025 nakala yake iliyosafishwa upya ilioneshwa Bologna, Italia, pamoja na ule mwisho wa kwanza ambao wakaguzi wa filamu wa India waliukataa. Nilitaka kuona sisi wa Mara tunaipokeaje leo. Msimuliaji simtaji jina, maana kosa hili limekuwa desturi ya wengi.

Walioitazama Sholay wanajua wimbo ule ni wa namna gani. Unachukua karibu dakika 6. Nyimbo nyingi za filamu za Kihindi hueleza hali ya moyo: fulani amependa, fulani ameachwa. Huu hauelezi hali, huu ndio tukio lenyewe. R. D. Burman aliutunga uwe saa. Ngoma ikiendelea, Veeru yuko hai; ikikatika, amekufa. Mtazamaji hahitaji kujua neno hata moja la Kihindi kulielewa hilo, mradi asikie. Anausikiliza mpigo kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Katikati ya wimbo watu wa Gabbar wanavunja chupa na kumwaga vioo miguuni pa Basanti. Anavikanyaga, damu inatoka, naye haachi kucheza. Ngoma haimhurumii, nayo haipungui. Ukatili wa Gabbar uko mle ndani ya mpigo, kuliko hata katika maneno yake.

Sasa shusha sauti. Kinabaki nini? Mwanamke anazungukazunguka juani bila sababu. Ruka mbele, na vioo navyo vinatoweka. Mtoto aliyekaa karibu yangu alimuuliza kaka yake, “Mbona miguu inatoka damu?” Kaka hakuwa na jibu, maana chupa zilivunjwa katika zile dakika walizonyimwa. Swali la mtoto yule ndilo hukumu yangu. Msimuliaji kazi yake ni kumwelewesha asiyejua lugha. Huyu alichukua jambo ambalo kila mtu angelielewa bila msaada, akalifanya lisieleweke.

Tuje kwenye ufundi, kwa sababu wapo wanaodhani nalalamika kwa mapenzi tu. Msimuliaji wa kibandani hana filamu yenye sauti zilizotenganishwa. Studio kubwa inayoingiza lugha nyingine hupewa maneno kwenye mkondo wake, na muziki na milio kwenye mkondo mwingine. Inafuta maneno, inaacha muziki. Wetu ana kaseti au flashi ambayo kila kitu kimeshachanganywa: mdomo wa Basanti, ngoma, upepo, chupa. Akishusha kimoja, vyote vinashuka. Maana yake ni kwamba kila neno analotia analilipia kwa muziki. Kwenye mazungumzo bei hiyo ni halali, kwa kuwa anaondoa Kihindi na kuweka Kiswahili. Kwenye wimbo kama huu anatoa kila kitu na kupata sentensi moja.

Njia sahihi ipo na haihitaji chombo kipya. Sharti la Gabbar linatolewa kabla ya ngoma, basi litafsiri pale, kwa sauti nzito, kisha zima maiki. Ukiwa na la kuongeza, subiri sehemu ya vyombo vitupu kati ya ubeti na ubeti, useme maneno matano na unyamaze. Vioo vinapomwagwa usiseme kitu. Hakuna Kiswahili kinachoshinda mlio wa chupa ikivunjika.

Najua nitakachojibiwa, nimejibiwa hivyo kwa miaka mingi: wimbo kwenye picha ya Kihindi ni muda wa kwenda kununua karanga. Kauli hiyo imetuharibia masikio. Ni ndugu wa tabia ya mtangazaji wa redio anayepiga kelele juu ya mwanzo wa wimbo hadi mwimbaji anapofungua kinywa, na ya mshereheshaji wa harusi asiyeiacha bendi imalize ubeti. Nimeyasema haya mara nyingi na nitayarudia: mwenye maiki si mwenye wimbo.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Watasema hata Wahindi wenyewe waliipendea Sholay maneno. Ni kweli, santuri ya nyimbo haikuuzwa vizuri mwanzoni. Kampuni ya Polydor ilipoona watu wanatoka ukumbini wakirudia maneno ya Gabbar, ikatoa santuri ya mazungumzo, nayo ikawa gumzo. Lakini mazungumzo yale yalichukuliwa kutoka kwenye filamu, na muziki na milio ya filamu chini yake. Watu hawakununua habari. Walinunua jinsi ilivyosikika.

Tena wenye Sholay walijua kukata. Burman alirekodi wimbo mzima wa kawali, ukabaki kwenye santuri bila kupigwa picha, kwa sababu filamu ilikuwa imeshakuwa ndefu. Mkurugenzi Ramesh Sippy aliyeweza kuacha kawali nje hakuubakiza wimbo wa Basanti kwa bahati. Ulibaki kwa sababu ukiutoa, hadithi inakatika.

Msimuliaji wetu alifanya mema pia. Sauti yake ya Gabbar ni nzuri, na jioni Jai anapopuliza kinanda cha mdomo huku Radha, yule mjane, akizima taa, alinyamaza. Basi kunyamaza anakuweza.

Nawakumbuka wasimuliaji waliotangulia. Kapteni Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, alitufundisha kwamba mtu mmoja anaweza kubeba sauti za steling, adui, mama na mtoto, na ukumbi ukamfuata. Kabla yake, pwani walikuwa na njia ya ndani zaidi. Mwimbaji Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alichukua lahani za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili, mengi yakiwa mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo. Sikiliza alichofanya: alibadilisha maneno, akaitunza lahani. Alijua kwamba watu waliotoka kumtazama Raj Kapoor katika filamu ya Awara walikuwa wamebeba lahani kichwani kwenda nayo nyumbani. Wasimuliaji wa leo wametupa lahani na kubaki na maneno, na maneno yenyewe machache.

Na kwetu hapa mfano uko karibu kuliko Mombasa. Mwitongo, Butiama, ndiko nyumbani kwa Mwalimu Nyerere na ndiko alikozikwa. Akiwa na nchi nzima mabegani, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Angeweza kutupa muhtasari. Angeweza kusema kwamba kwenye mazishi ya Kaizari kuna mtu anawahutubia raia nao wanageuka, kisha akaruka hadi vitani. Hakufanya hivyo. Alifuata mstari kwa mstari, akatunza mwendo wa shairi, kwa kuwa alijua raia hawakugeuzwa na habari ya kifo bali na namna ilivyosemwa. Huyo ni mtafsiri wa Mara, na kipimo cha tafsiri katika mkoa huu hakina budi kuwa hicho.

Hata asiyemsoma Shakespeare ana litungu. Nani hapa Tarime, Musoma au Butiama hajamsikia mpiga litungu wa Kikurya? Nyuzi zinasema, miguu inajibu, na ukimkatiza katikati umeharibu mazungumzo ya watu wawili. Watu wenye masikio hayo wangeielewa ngoma ya Basanti bila mkalimani, kama wangeachiwa waisikie.

Nawaomba wasimuliaji: kabla hamjarekodi, itazameni filamu mara moja bila maiki, na kila wimbo muulize kama kuna jambo linatokea ndani yake. Kama kuna jambo linatokea, uacheni. Nawaomba na wenye vibanda: mkiletewa nakala iliyorushwa, irudisheni, maana mmelipia filamu nzima.

Na kwako msomaji. Tafuta Sholay isiyotafsiriwa, keti na mdogo wako, umweleze sharti la Gabbar kwa sentensi moja, kisha nyamazeni wote kwa dakika 6. Hatauliza damu imetoka wapi.