Ugomvi Juu ya Jani la Betula

Katika misitu ya Amerika Kaskazini, juu ya majani ya mti wa betula, huishi kiwavi wa nondo aitwaye Drepana arcuata. Huvuta nyuzi za hariri akaziunga huku na huku mpaka jani lijikunje kidogo, na ndani ya mkunjo huo ndimo anamokaa na kula. Kiwavi mwenzake akitia mguu kwenye jani hilo, mwenyeji hakimbilii kuuma. Huligonga jani kwa taya. Hulikwaruza kwa taya hizohizo. Kisha huburuta juu yake ncha ya tumbo, ambako ana vinyweleo viwili vinene, bapa, ambavyo watafiti wameviita makasia. Jani hutetema, na mgeni hupata habari kwamba nyumba ina mwenyewe.

Haya tunayajua kwa sababu Jayne Yack na Myron Smith wa Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, pamoja na Patrick Weatherhead, walikuwa na subira ya kumsikiliza kiwavi. Walichapisha kazi yao mwaka 2001. Ugunduzi wenyewe ni mtamu, lakini mimi huvutiwa zaidi na ustadi wa mikono iliyoufikia.

Fikiria ugumu wake. Jani ni chepesi mno. Upepo hulitikisa, hatua za mtu chumbani hulitikisa, hata pumzi ya anayeliinamia hulitikisa. Ukibandika juu yake kifaa chenye uzito, tayari umebadilisha mtetemo uliotaka kuupima. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii hutumia mwale wa leza: mwanga hugusa jani, hurudi kwenye chombo, na tofauti ndogo katika mwanga uliorudi hueleza jani limesogea kwa kasi gani. Jani halielemewi na chochote. Anayepima anabaki na kazi ya kutulia, na kutulia huko hakufundishwi kwa siku moja.

Halafu ukaja mpangilio wa majaribio. Mwenyeji alikuwa ndani ya kiota chake, mgeni akaletwa kwenye jani hilohilo, nao wakatazamwa. Mgeni alipozidi kusogea, mwenyeji alizidisha ishara. Mara nyingi shauri liliisha ndani ya dakika chache, lakini mara nyingine mabishano yaliendelea kwa saa kadhaa, na mtafiti akakaa papo hapo. Kwa kawaida mwenyeji ndiye aliyeshinda.

Hapa ndipo mtu mwenye haraka angefunga daftari. Wao walijiuliza: anashinda kwa nini? Huenda ni kwa kuwa amejenga kiota kwa hariri yake na hataki jasho lake lipotee. Basi wakawaangalia pia viwavi waliokaa katika viota ambavyo hawakuvijenga, na wenyeji hao nao waliendelea kushinda. Kumbe ukaaji ndio ulioamua, wala si ujenzi. Mgeni mwenye umbo kubwa zaidi aliweza kumng'oa mwenyeji mara mojamoja, na hilo nalo waliliandika bila kulificha. Nalipenda sana jaribio hili. Ni swali moja lililotenganishwa na jingine kwa uangalifu, likapewa nafasi ya kujibiwa na kiwavi mwenyewe.

Mwaka 2010 kundi la watafiti, Yack akiwa miongoni mwao, liliuliza swali la kale zaidi: tabia ya kuburuta makasia ilitoka wapi? Waliwalinganisha ndugu wa kiwavi huyu, wakapanga nasaba yao kwa jeni, wakatazama miendo yao hatua kwa hatua. Ndugu wengine wangali na miguu ya mwisho wa tumbo, nao humkabili mgeni kwa kumwendea moja kwa moja. Drepana hana miguu hiyo. Mkwaruzo wake una mwendo uleule wa kutembea, ila haumpeleki popote. Kutembea kumegeuka onyo. Baadaye, mwaka 2017, ikaonekana kwamba viwavi wachanga wa aina hiihii, ambao bado huishi kwa makundi, huwavutia wenzao kwa mitetemo wanapokula na kutandaza hariri.

Nondo mzima naye ana maajabu yake. Masikio yake yako tumboni, na ngoma ya sikio haiko nje ya mwili: imejificha ndani, kati ya vyumba viwili vya hewa, ikiwa na seli nne tu za kuhisi. Utafiti wa mwaka 2003, ulioongozwa na Annemarie Surlykke, ulionyesha kwamba masikio hayo husikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 30 na 65, juu sana ya upeo wa sikio la binadamu. Ndiko ziliko sauti za popo wawindaji.

Familia hii, Drepanidae, ina mamia ya spishi, wengi wao wakiwa Asia. Afrika ina wachache, na mwaka 1965 Allan Watson wa makumbusho ya historia asilia ya London aliwapanga upya katika kazi ndefu ya kulinganisha vielelezo. Miongoni mwao wamo Epicampoptera, ambao viwavi wao wenye mkia hula majani ya kahawa Afrika Mashariki na Kongo. Mkulima huwatazama kwa hasira, na ana haki. Hata hivyo natamani mwale uleule wa leza uelekezwe kwenye jani la kahawa, lenye kiwavi mmoja mwenyeji na mwingine anayekaribia ukingoni, na pembeni akae kijana wa Moshi au Bukavu aliye tayari kutulia hapo saa nzima.