Kiunzi Hakianguki

Kiunzi cha mbio fupi ukikigonga kinalala chini, nawe unaendelea na safari yako. Kiunzi cha mbio za mita 3,000 hakina huruma hiyo. Ni boriti nene iliyokaa juu ya miguu ya chuma, uzito wake kati ya kilo 80 na 100. Kimo chake ni sentimita 91.4 kwa wanaume na sentimita 76.2 kwa wanawake. Ukikipiga goti, goti ndilo litakaloumia. Mwanariadha hukivuka mara 28, na mara nyingine saba hukikuta kimesimama ukingoni mwa dimbwi la maji. Hivyo ni vikwazo 35 ndani ya dakika nane au tisa, na kati ya kimoja na kingine anatakiwa akimbie kana kwamba njia ni nyeupe.

Mbio hizi zilianzia Uingereza, kwa kuigiza mbio za farasi waliovuka kuta na vijito vya mashambani. Nimezipenda tangu utotoni, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kuziita mbio tu ni kuzipunja. Ni ufundi, kama ulivyo useremala.

Wengi hutazama mruko wenyewe. Mjuzi hutazama hatua tano au sita kabla yake. Mwanagenzi anapokikaribia kiunzi huanza kubabaika: anakata hatua, anachezesha vihatua vidogovidogo, anajipima mara mbili, halafu anaruka juu mno kwa hofu. Akiwa bado hewani wenzake wako ardhini wanakimbia. Akitua anatua kwa kishindo, na inambidi aitafute kasi upya. Hasara ya mara moja ni ndogo, lakini atairudia mara 35, na kufikia mzunguko wa sita miguu haina tena cha kulipia.

Fundi naye macho yake huwa yamekwisha kumaliza hesabu mapema. Hatua inarefuka kidogo, kidogo sana hata ukiwa jukwaani huioni, na mguu wa kurukia unaangukia mahali pake. Kifua kinainama mbele, goti linatangulia, na mguu wa nyuma unapita kwa ubavu, goti likiwa limefunguka nje, ukikwepa boriti kwa nafasi ya kupitisha kiganja. Amevuka kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake gizani. Kichwa hakikupanda wala kushuka.

Isitoshe, njiani hayuko peke yake. Viunzi vimeachana takriban mita 80, na ukiwa katikati ya kundi, migongo ya walio mbele inakuzibia boriti mpaka dakika ya mwisho. Huwezi kujua utafika na mguu upi. Mwenye mguu mmoja tu wa kurukia atababaika hapo hapo. Ndiyo maana anayezijua mbio hizi hufunza miguu yote miwili, na ule mzito ndio anaoupa muda mwingi zaidi.

Asubuhi moja, kwenye uwanja wa udongo huko juu ya Bonde la Kerio, nilikwenda nikitarajia kuona mbio, nikaona matembezi. Kocha alikuwa amepanga viunzi vifupi kwenye mstari mmoja, na msichana mmoja alikuwa akivivuka kwa kutembea, mikono kichwani. Kazi yake ilikuwa kuinua goti, kulifungua kiunoni, kulipitisha na kushusha mguu wima, kisha kufanya hivyo hivyo upande wa pili. Kila njumu ilipokwaruza ubao, kocha alitamka neno moja: “Rudia.” Mwishowe msichana akalalamika, “Kocha, nimechoka kutembea.” Naye, bila hata kugeuka, akamjibu: “Kama kutembea kumekushinda, kukimbia utakuweza?” Akarudia. Jua lilipopanda bado alikuwa akitembea, na mkwaruzo ulikuwa umekoma. Hapo ndipo ninapowatofautisha wanaopenda mchezo na wanaopenda kushinda.

Dimbwi ndilo darasa la juu. Lina urefu wa mita 3.66, na kina chake kikubwa kipo karibu na kiunzi, kisha sakafu inapanda polepole. Anayejisukuma vizuri hutua penye maji ya kifundo, na anayejisukuma vibaya hutumbukia penye kina. Wengi hukikanyaga kiunzi kile. Unaongeza kasi kabla ya kufika, unaweka mbele ya wayo juu ya boriti ili njumu zishike ukingo wa mbali, unakunja goti ubaki chini, unausubiri mwili upite, ndipo unasukuma. Kuusubiri mwili upite ndiyo siri yenyewe. Mwenye haraka husukuma mapema, akapaa juu badala ya kwenda mbele.

Lakini ufundi si kukariri. Amos Biwott wa Kenya alipofika Mexico City mwaka 1968, aliwashangaza watazamaji kwa kulivuka dimbwi bila kukanyaga kiunzi, akaenda kutua ng’ambo ya maji. Haukuwa mtindo wa kupendeza, ila ulimpa dhahabu. Miaka minne baadaye mjini Munich, Kipchoge Keino, aliyekuwa na uzoefu mdogo mno wa viunzi, naye akaichukua. Tangu hapo, ukiacha michezo ya 1976 na 1980 ambayo Kenya iliisusia, dhahabu ya wanaume ya Olimpiki haikutoka nchini mpaka baada ya Rio 2016.

Mwaka ule wa 1980 mjini Moscow, Filbert Bayi wa Tanzania alishika uongozi, kama alivyofanya mwaka 1974 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Katika viunzi ujasiri huo una faida yake, maana aliye mbele huiona boriti vizuri. Ila humo humo ndimo anamolipa, kwa sababu upepo ni wake na wanaomfuata wanampimia. Bronisław Malinowski wa Poland alimpita katika mzunguko wa mwisho. Bayi akapata fedha, na mimi huihesabu miongoni mwa mbio nzuri zaidi alizowahi kukimbia Mtanzania.

Mchezo huu haumwonei mtu haya. Ezekiel Kemboi, bingwa wa Olimpiki mara mbili na wa dunia mara nne, alinyang’anywa shaba ya Rio kwa kukanyaga nje ya mstari. Lamecha Girma wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya 7:52.11 mjini Paris mwaka 2023. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, alijikwaa kwenye kiunzi katika mzunguko wa mwisho wa fainali ya Olimpiki, akatolewa kwa machela. Naye Beatrice Chepkoech, katika mashindano ya dunia ya London 2017, alilipita dimbwi kwa pembeni, akagutuka na kurudi nyuma kuliruka huku wenzake wakizidi kwenda. Angeweza kuishia hapo, na nani angemlaumu? Alikimbia mpaka akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata huko Monaco alikimbia 8:44.32, akaipunguza rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nane.

Uganda nayo ina sehemu yake. Dorcus Inzikuru alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake, Helsinki 2005, na Peruth Chemutai akaleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka 2021. Siku chache kabla ya ushindi huo wa Chemutai, kwa wanaume, Soufiane El Bakkali wa Morocco alikata mnyororo wa Kenya, akarudia tena Paris 2024.

Wapo wanaosema mnyororo ulikatika kwa sababu vijana wetu siku hizi ni wavivu. Sikubaliani nao. Miguu ipo, na mapafu yapo. Nionavyo mimi, wenzetu walikaa chini wakajifunza kuruka, na sisi tukadhani kuruka kunarithiwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali za kaunti: mnapojenga viwanja, jengeni na dimbwi la maji, lisiachwe kwa kisingizio cha bajeti. Na ninyi walimu wa michezo, msisubiri uwanja wa kisasa. Seremala wa kijijini na boriti nne vinatosha kuanzia. Hakikisheni tu kwamba kimo ni sahihi na boriti haitikisiki, kisha waacheni watoto watembee juu yake muhula mzima kabla ya kuwashikia saa.