Kutii, Kushika na Kusikia katika Biblia ya Kiswahili ya 1952

Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ijulikanayo kama Union Version, ilikusudiwa kuwaunganisha Wakristo waliokuwa wakisoma tafsiri mbili, moja ya Kimvita na nyingine ya Kiunguja. Kwa hiyo hutajwa zaidi katika mjadala wa lahaja. Lakini thamani yake yapaswa kupimwa pia kwa msamiati wa imani, hasa pale inapoeleza uhusiano wa utiifu na upendo.

Katika Waefeso 6, watoto wanaagizwa kuwatii wazazi wao, na watumwa kuwatii mabwana zao. Kitenzi ni kimoja, kama kilivyo kimoja katika Kigiriki. Katika Yohana 14, ambapo Yesu anaufanya upendo kuwa chimbuko la utiifu, wafasiri wameandika kushika. Uteuzi huu ni sahihi, kwa kuwa Kigiriki nacho kina hapo neno lenye maana ya kulinda na kutunza. Amri yaweza kutiiwa kwa hofu ya kiboko. Kuishika ni kuitunza kwa kuwa ina thamani. Ndiyo maana Waswahili humwita mcha Mungu mshika dini, wala si mtii dini.

Sura hiyo hiyo inaahidi amani. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lina mzizi mmoja na imani na amana. Kigiriki hakina uhusiano huo wa maneno. Kwa Kiswahili, basi, mwenye kushika amri hufanana na mtu aliyekabidhiwa amana, na amani yake hutokana na kuaminiwa.

Hata hivyo tafsiri ina upungufu. Katika Warumi 10, kutii na kusikia ni maneno ya mzizi mmoja katika Kigiriki. Katika Kiswahili yametengana, na hoja ya Paulo imepoteza kiungo chake. Ni kweli kwamba Kiswahili kina kusikia kwa maana ya kutii: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini methali hiyo inatisha, na waraka wa kwanza wa Yohana, katika sura ya 4, unalitenga pendo na hofu.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Mhubiri anayeifasiri Yohana 14 kwa utii wa Waefeso 6 huyageuza mapenzi kuwa amri ya bwana kwa mtumwa. Katika pwani ya Kenya, ambako hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907, maneno bwana na mtumwa hayakuwa mafumbo. Si kwamba kutii ni neno la kutupwa: Wafilipi 2 inamwita Kristo mwenyewe mtii. Lakini hapo anayetii ni yule aliyeacha utukufu wake kwa hiari. Utii wa namna hiyo waweza kuitwa upendo. Ule unaodaiwa na mwenye nguvu kwa mnyonge hauwezi, na wafasiri wa 1952 walitenda haki kuuwekea kila mmoja neno lake.