Hesabu ya Gozi

Katika chumba cha upasuaji yupo mtu mmoja asiyegusa kidonda. Hasimami mezani. Anazunguka: anafungua pakiti za nyuzi, anasogeza taa, anapokea simu ya maabara, anaandika ubaoni idadi ya gozi zilizoingia. Daktari mpasuaji ana cheo chake, wa dawa ya usingizi ana mashine yake, muuguzi wa mezani ana mikasi na visu. Huyu ana kalamu na ubao, na mgeni akiingia atamdhania mtu wa kutumwatumwa. Kaa humo mpaka mgonjwa atolewe, utakuta kazi yote imekwenda kwa mwendo wake.

Watu wakimsifu husema ni mpole, ni mnyenyekevu. Nadhani wanamkosea. Alicho nacho ni ufundi, na ufundi huo unaonekana vizuri zaidi kwenye kuhesabu.

Gozi, vile vitambaa vyeupe vya kufyonza damu, huhesabiwa kabla kisu hakijagusa ngozi. Huhesabiwa tena kabla tumbo halijafungwa, kisha mara nyingine ngozi inaposhonwa. Wanahesabu wawili, kwa sauti, kila kitambaa kikitengwa na mwenzake, kwani viwili vilivyogandamana vikihesabiwa kimoja basi kazi imeharibika tangu mwanzo. Kitambaa kilicholowa damu ndani ya tumbo huchukua rangi ya nyama na kujikunja kufuata mahali kilipojibanza. Jicho la bingwa laweza kupita juu yake lisikione. Ndiyo maana gozi za upasuaji hutiwa uzi unaoonekana kwenye eksirei, lakini uzi huo ni wa kutafutia kilichokwisha kupotea. Wa kuzuia kisipotee ni mtu mwenye ubao.

Sasa tuseme ubao unasema 20 na zilizoonekana ni 19. Dokta amechoka, sindano ya kushonea iko mkononi, mgonjwa mwingine analetwa kwenye machela. Mwenye ubao anaweza kunyamaza, akajiambia labda alikosea mwenyewe. Anaweza pia kusema, "Dokta umesahau kitambaa," mbele ya wanafunzi, ukazuka ubishi wa nani kakosa huku tumbo la mtu liko wazi. Aliyebobea hafanyi hili wala lile. Husema: "Dokta, hesabu yangu haijakaa sawa. Naomba tuangalie kabla hujafunga." Kosa, kama lipo, amejitwika yeye. Amri ameivika ombi. Lakini yale maneno ya mwisho, kabla hujafunga, hayana mlango wa kutokea. Na wakati dokta anapapasa tumboni, yeye keshainama kwenye ndoo ya takataka, wa mezani anakung'uta mashuka. Gozi ikipatikana, hakuna aliyeshindwa na mtu.

Shangazi yangu aliifanya kazi hiyo katika hospitali moja ya wilaya mpaka akastaafu. Alikuwa akisema kwamba kusema si kazi. Kazi ni kuwa umeshazoesha watu sauti yako. Alihesabu kwa sauti hata siku ambazo kila kitu kilikuwa sawa na hakuna aliyemsikiliza. Alitaja saa, alitaja damu iliyobaki kwenye friji, alitaja jina la mgonjwa hata kama wote walilijua. Siku jambo lilipoharibika, sauti ile haikumshtua mtu wala kumuudhi, kwa sababu ilikuwa humo muda wote. Anayefungua kinywa siku ya balaa tu huonekana yeye ndiye balaa. Ni kama kwenye shughuli ya harusi, ambapo yupo mama mmoja ambaye kamati haikumteua, lakini sufuria la pilau haliepuliwi mpaka aonje, kwa kuwa ndiye aliyekuwa jikoni tangu vitunguu vinamenywa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya usalama wa upasuaji: vipengele 19, vinavyosomwa kwa sauti mara tatu, kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, London na Seattle zikiwemo, na Ifakara yetu ikiwemo. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mara nyingi anayeisoma ni yuleyule anayezunguka. Kipengele ninachokipenda ni kile kinachomtaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla ya kuanza. Bingwa anajitaja, na kijana wa usingizi anajitaja. Aliyekwisha kusikika mara moja haoni tabu sana kusikika mara ya pili.

Lakini mwaka 2014 watafiti walipoangalia hospitali za jimbo la Ontario, Kanada, zilizokwisha kuianza orodha hiyo, hawakukuta punguzo la maana la vifo. Sababu zinabishaniwa. Mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba karatasi inaweza kutiwa vema zote huku kila mtu akiendelea na lake. Orodha ilimpa mwenye ubao ruhusa ya kusema. Haikuweza kumpa masikio ya wengine. Hayo anayachuma mwenyewe, zamu kwa zamu.

(Hapa wakuu wa ofisi hupenda kutikisa kichwa na kusifia viongozi wasio na vyeo. Wengi wao wamegundua kwamba mtu wa namna hiyo haombi posho ya madaraka. Sifa zisigeuzwe mshahara.)

Na sauti ya chini ina hatari zake. Mwaka 2005, huko Uingereza, mke wa rubani Martin Bromiley aliingia hospitali kwa upasuaji wa kawaida wa sinasi. Alikuwa na miaka 37. Alipokwisha kupewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ilikataa. Madaktari waliokuwepo walikuwa wazoefu, nao walikazana kuingiza mpira kooni, wakajaribu tena na tena. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, akasema viko tayari. Mwingine alipiga simu kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi, na alipotoa taarifa akatazamwa kama anayekuza mambo, akakifuta. Mama yule hakuzinduka; alifariki siku 13 baadaye. Wauguzi walikuwa wameona la kufanya. Walichokosa ni njia ya kulisema likaingia. Bromiley, aliyetoka kwenye kazi ambako ajali zilikwisha kuwafundisha wasaidizi kumkatiza nahodha wa ndege, tangu hapo amekuwa akiwaeleza madaktari habari hiyo, na mwaka 2007 alianzisha taasisi ya kushughulikia jambo hilohilo.

Sisemi wauguzi wale walipungukiwa ufundi. Naona ufundi huu una nusu mbili, na nusu ya pili iko kwa mwenye cheo. Wapo wapasuaji ambao kabla ya kufunga huinua mikono kidogo kutoka kidondani, wakauliza, "Sista, hesabu?" wakangoja mpaka wajibiwe. Na wapo wanaouliza hivyohivyo huku sindano imeshapita kwenye ngozi. Shangazi aliwajua wote, nani ni wa kungoja na nani si wa kungoja, na ratiba ya zamu ilipobandikwa ukutani alikuwa wa kwanza kuisoma, kisha akaanza kuwabembeleza wenzake wabadilishane naye Jumanne.