Zamu ya Usiku ya Desemba

Saa nne usiku, watoto wamelala. Katika nyumba nyingi za Marekani, mzazi aliyerudi kazini hoi ananyata jikoni kutafuta unga.

Anaunyunyiza mezani, anamlaza juu yake mwanasesere mwembamba wa kofia nyekundu, kisha anamchorea mbawa kwa kidole. Theluji hiyo! Kesho atamning'iniza kwenye taa, au atazichorea ndizi macho na midomo.

Desturi hii ilienea baada ya kitabu The Elf on the Shelf kuchapishwa mwaka 2005. Watoto huambiwa kwamba kila usiku mwanasesere humwendea Baba Krismasi, kisha hurudi mahali papya; kumhamisha ni kazi ya mzazi. Kubuni vituko vyake si kugumu sana. Kilicho kigumu ni kukumbuka, usiku baada ya usiku, hadi tarehe 24.

Asubuhi watoto hupiga kelele za furaha na kumsifu mwanasesere. Mzazi anapangusa unga.